Mafundi wa Bukavu mnatumaliza!! Dola 165 zimeenda, kumbe gari ilikosa masi tu (njia ya umeme kurudi kwenye batri)

Wandugu jambo. Leo sizunguki, niko na hasira tangu jana na usingizi umekataa. Niko na Toyota Corolla, otomatiki, volani kulia kama hizi zetu zote za kutoka Japani, na karibu mwezi mzima magaraji mawili ya hapa kwetu yamekula dola 165 zangu na la tatu lilikuwa limeshafungua mdomo, yote juu ya boloni (bolti) moja. Boloni MOJA.

Ilianza hivi, mwezi wa tisa mtu wa moto (pikipiki) alinigonga ubavuni kule Essence, hapa mjini, nikapeleka gari kwa tolie (fundi wa bodi) anyooshe na kupaka rangi, akatoa batri ili mkono wake ufike ndani, akapaka, ikang'aa, nikalipa. Wiki mbili hivi, mvua zimeshika, asubuhi natia kontakti nageuza kle (ufunguo), tik. Nageuza tena, tik tik tik, taa za dashibodi zinazimika, nikiachia kle zinarudi.

Fundi wa kwanza alisikia ile tik akasema "papa, batri imekufa", dola 85. Ikawaka siku tatu, ya nne tik. Sasa ndio najua, wakati anafunga batri mpya alizitikisa kabo (nyaya nene) zikashika kidogo, basi. Wa pili akasema ni demareri (mota ya kuwasha injini), akatoa yangu akaweka ya okazyo (iliyotumika), dola 70 na 10 za mkono, na ile yangu akabaki nayo. Wa tatu anataka 90 za alternateri (ile inayochaji batri) na ameanza habari ya kompyuta ya gari. Hakuna aliyeshika multimetri (kipimo cha umeme). Hata mmoja! Nani amewafundisha kupima gari kwa masikio?

Na mnajua mji wetu ni milima, mwenye gari ya vitesi (gia za mkono) anaegesha kwenye mteremko asubuhi anaachia inawaka, mimi wa otomatiki nisukume vipi? Juzi usiku mtoto wa jirani alikuwa na homa anatetemeka, tukamweka ndani tumpeleke hospitali ya Panzi, gari tik. Mama yake akamtoa, akamfunga mgongoni, akaingia kwenye mvua kutafuta pikipiki usiku ule. Mtoto yuko sawa, Mungu asifiwe, lakini vile yule mama aliniangalia sitasahau.

Jana akaja mdogo wangu, yeye hata si fundi wa magari, anafunga mapano ya sola. Akapima batri, volti 12.6, imejaa. Akaniambia nigeuze kle huku waya za multimetri ziko kwenye batri, ikasoma 12.1. Akasema yaya (kaka), demareri ikila moto (umeme) kweli batri lazima ishuke sana kuliko hapo, hii haili kitu, moto unakwama njiani. Akaacha waya moja kwenye minusi (hasi ya batri), ya pili akagusisha chuma cha injini, "geuza". Ikasoma 5.8! Pale inatakiwa isome karibu na sifuri, ikipita 0.2 mambo yameharibika. Yaani karibu nusu ya nguvu ya batri ilikuwa inapotelea kati ya minusi na injini. Demareri inavuta ampea mia na zaidi, kwa hiyo hata uchafu kidogo tu pale masi inapofungwa unaizuia, lakini redio na taa zinawaka vizuri kwa sababu zinakula kidogo, ndio maana kila mtu anadanganyika.

Akachukua kabo ya kuazimana moto, ncha moja kwenye minusi, ingine kwenye injini. Nikageuza. Ikawaka mara moja, ile sauti ya zamani kabisa. Nilibaki nimekaa pale na kle mkononi.

Tukafungua, kle ya 10, yaani spana (minusi inatoka kwanza na inarudi mwisho, msigeuze hiyo, kle ikigusa bodi wakati unafungua plusi ni cheche). Chini ya boloni ya masi kwenye bodi, RANGI. Tolie alipaka juu ya chuma akarudisha kichwa cha kabo juu ya rangi yake nzuri, boloni ilikuwa inashika kwa meno tu, na maji ya mvua yameingia humo, kuna duara nyeusi imeungua na unga wa kijani kwenye shaba. Ule mkanda wa shaba wa kusukwa unaotoka injini kwenda bodi nao, nyuzi karibu zote zimekatika, zilizobaki ukigusa zinaunguza.

Msasa mpaka chuma cheupe, kipande cha kabo nene ya kusudia (kuchomelea chuma) badala ya ule mkanda, kichwa kipya kila upande, kaza, grisi juu. Tukapima tena, 0.08. Dola 4 na saa moja.

Sasa najua wengine mtasema "kila fundi anakosea", apana. Kukosea ni kupima ukasoma vibaya. Hawa hawakupima, walinichagulia cha kununua. Na tolie nimempigia simu, ananijibu yeye ni mtu wa rangi, mambo ya umeme hayajui. Boloni ulifungua wewe, ulifunga wewe, umeme gani tena?

Batri mpya basi nitakaa nayo. Lakini demareri yangu ilikuwa nzima, na yule wa pili bado anayo kama hajaifunga kwenye gari ya mtu mwingine. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwake na mdogo wangu na multimetri. Mwenye shida kama hii na amepitia garaji yoyote ya upande wa Kadutu aandike hapa walimuuzia nini, na kabla ya kutoa hata franka moja tena, apime kati ya minusi na injini.