Hela ya Lions huwa inafika kweli?

Wakuu, jana wazee wa Lions Club (kile chama cha watu wanaojitolea kusaidia jamii) wameniuzia tiketi ya chakula cha hisani elfu 20, wamevaa vile vizibao vya njano, wanasema ni ya kambi ya macho. Inafika au wanakula wenyewe?

– Inafika mkuu, wana akaunti mbili, ya ada zao na ya michango, hela ya wananchi hairuhusiwi kulipia vikao vyao. Na mambo ya macho wako nayo tangu 1925 Helen Keller, yule mama wa Marekani asiyeona wala kusikia, alipowaomba.

– Bibi yangu alitolewa mtoto wa jicho kambini bure, siku ya kufungua bandeji akaanza kunisema eti shati langu chafu 😂

– Sawa ila dai risiti.