Wauza adapta feki za USB mjini Kampala, mnatuumiza mafundi wa ndege

Wakuu, leo nina hasira na siifichi. Mimi ni fundi wa umeme wa ndege ndogo hapa Kajjansi, kwenye kiwanja cha ndege ndogo karibu na Kampala. Kila mara nalazimika kuunganisha laptopu na vifaa vya chumba cha rubani: GPS, redio, na kile kifaa kinachorekodi joto la silinda na la moshi wa eksozi. Vingi bado vinatumia RS-232, njia ya zamani ya kupitisha data kwa waya, na laptopu za sasa hazina tundu hilo. Bila adapta ya USB, kazi imelala.

Basi nimenunua adapta mjini. Muuzaji kaapa kwamba ni orijino, chipu ya Prolific, kampuni inayotengeneza chipu za adapta hizi. Kuichomeka tu, Windows inaweka alama ya mshangao ya njano: kifaa hakiwezi kuanza, hitilafu namba 10. Akanibadilishia kwa shingo upande. Hii nayo ikaleta ujumbe kwamba chipu ya PL2303HXA, modeli ya Prolific, ilisitishwa tangu 2012, niwasiliane na aliyeniuzia. Haya, nimewasiliana naye! Kanionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti, mali ikiuzwa hairudi. "Ssebo (bwana), laptopu yako ndiyo mbovu." Laptopu hiyohiyo inapiga kazi na adapta ya mwenzangu kila siku.

Najua kuna watakaosema nirudishe draiva ya zamani (programu inayoiwezesha Windows kutumia adapta), ambayo haizikatai chipu hizi. Inakubali, mpaka Windows ijisasishe usiku na asubuhi uanze upya. Na tusisahau 2014, draiva ya FTDI, kampuni nyingine ya chipu za adapta, ilipokuja kupitia Windows Update ikafuta namba ya utambulisho ya chipu za kuiga, adapta za watu zikafa ghafla. Aliyeumia ni mnunuzi, mwenye kuiga alishakula hela yake zamani.

Lakini iliyonichoma roho hasa ni ya duka jingine. Hiyo draiva ilikubali na bandari ya COM (mlango wa kutuma na kupokea data) ikaonekana kwenye laptopu. Nikaunganisha pini ya 2 na ya 3, ya kupokea na ya kutuma, kwa kipande cha waya, nikaandika herufi, zikarudi zote. Nikasema leo nimepata. Kufika kwenye ndege, kimya. Nikajaribu kasi ya mawasiliano ya 4800, 9600, 19200. Nikageuza waya wa kutuma na wa kupokea, nikakagua ethi, nikafungua paneli nikidhani waya wa ndani umekatika, na mwenye ndege kasimama pembeni anaangalia saa. Mwishowe nikachukua mita, nikapima pini ya 3 dhidi ya pini ya 5, yaani ethi, bila kutuma chochote. Sifuri! RS-232 ya kweli hapo inasoma hasi, angalau volti 5 chini ya sifuri, na kifaa kinachopokea kinataka walau volti 3 kila upande. Adapta hii inatoa 0 na 5 tu, kwa sababu aliyeitengeneza kabana hela, hakuweka saketi ya kubadilisha volti. Lile jaribio la waya lilipita kwa kuwa adapta ilikuwa inasikia volti zake yenyewe. Kuna vifaa vinavyovumilia hali hiyo. Cha kwangu hakivumilii.

Wanaouza wanadhani ni kawaya tu. Vali ya eksozi ikianza kuungua, joto la moshi wa silinda hiyo hupanda na kushuka polepole kwa mpigo, na njia nzuri ya kuliona hilo mapema ni kupakua rekodi na kuitazama kwenye grafu. Nisipoweza kupakua, ndege inaruka na watu ndani huku mimi sijui kinachoendelea kwenye injini.

Wauzaji, andikeni aina ya chipu kwenye pakiti, na muandike ukweli. Mteja aruhusiwe kuchomeka na kupima kwa mita palepale kaunta kabla hajatoa hela. Kama kuna mwenye duka, Kampala au Entebbe, anayekubali hilo, ajitokeze hapa. Nitakuja na laptopu na mita yangu, na mafundi wenzangu nitawaleta.