Kuhamisha mipango ya matengenezo kutoka Excel: mistari mingi imekataliwa na tarehe zimegeuka

FundiPampu aliuliza:

Wakuu, salaam. Ninafanya kazi katika kitengo cha matengenezo cha mamlaka ndogo ya maji. Kwa miaka mingi mpango wetu wa matengenezo kinga umekuwa ndani ya faili moja la Excel, ambalo kila aliyepita katika ofisi hii aliliongezea safuwima yake. Mwaka huu tumepata programu ya kusimamia mali, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhamishia humo mipango yote ya pampu, mota, jenereta, paneli za umeme na mitambo ya kutia klorini.

Mpangilio wa faili letu bila shaka wengi wenu mnaujua: kila mtambo una mstari wake, miezi 12 imekaa juu kama vichwa vya safuwima, na ndani ya kila kisanduku kuna tarehe ambayo kazi inatakiwa kufanyika. Kwa kuwa kiolezo cha programu kinataka tarehe moja kwa kila mstari, niligeuza jedwali hilo likawa refu, nikapata mistari 640, nikaihifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu ambalo hutenganisha visanduku kwa alama ya mkato) na kuipandisha. Mistari 255 ilipokelewa, na 385 ikakataliwa kwa ujumbe kwamba tarehe haisomeki, ingawa mimi nikiitazama naiona tarehe ya kawaida kabisa.

Hata hiyo iliyopokelewa ina maajabu yake. Pampu ya kisima namba 4, ambayo ilipangiwa kutiwa grisi tarehe 3 Aprili, katika programu inaonekana ilipangiwa tarehe 4 Machi. Na kesho yake asubuhi nilikuta kadi za kazi zaidi ya 90 zimefunguka zenyewe, nyingi zikiwa na alama ya kuchelewa, huku fundi mkuu akiwa amepokea barua pepe moja kwa kila kadi. Alinipigia simu kabla sijafika ofisini.

Swali langu ni je, nisahihishe ile mistari 385 na kuipandisha iungane na mingine, au nianze upya? Na jenereta, ambazo tunazihudumia kwa saa za kazi na wala si kwa tarehe, zinaingizwaje?

Mtunza_Takwimu alijibu:

Ndugu FundiPampu, pole kwa simu hiyo ya alfajiri. Tafadhali usipandishe ile mistari 385 kwanza, kwa sababu kwa maelezo uliyotoa, iliyokataliwa ndiyo salama, na iliyoharibika ni ile iliyopokelewa.

Tazama hesabu. Sisi huandika siku kwanza kisha mwezi, ilhali Wamarekani huanza na mwezi. Mahali fulani njiani, ama kwenye kompyuta yako ama kwenye kipokezi cha programu (sehemu inayopokea faili), tarehe zako zimeandikwa au zimesomwa kwa mtindo wa Kimarekani. Tarehe 25/04 ikisomwa hivyo haina maana, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na kwa hiyo inakataliwa. Tarehe 03/04 inasomeka bila tatizo lolote, isipokuwa imekuwa 4 Machi. Siku zinazoweza kugeuzwa hivyo bila kulalamikiwa ni zile za tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi, yaani siku 144 kati ya 365, ambazo ni asilimia 39 na kitu. Sasa gawanya 255 kwa 640 uone unachopata. Kati ya hizo 144, ni siku 12 tu zinazobaki sahihi hata zikigeuzwa, kama 1 Januari, 2 Februari na kuendelea hivyo. Kwa hiyo mistari yako iliyopokelewa karibu yote ina tarehe ya uongo, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia hivyo.

Ili kujua kosa lilipoingilia, fungua faili la asili, si ile CSV, kisha utazame visanduku vya tarehe. Excel haihifadhi tarehe kama tunavyoiona, bali huihifadhi kama idadi ya siku zilizohesabiwa kuanzia mwanzo wa mwaka 1900. 15 Machi 2024, kwa mfano, ni 45366. Tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku kama namba nyingine, na maandishi yanayofanana na tarehe hukaa kushoto, ilimradi hakuna aliyebadilisha mpangilio huo kwa mkono. Ukitaka uhakika zaidi, tumia fomula ya ISNUMBER, inayojibu kama kisanduku kina namba au la, katika safuwima ya pembeni. Ukikuta zote ni namba, faili lako ni zima na uharibifu umetokea baadaye. Ukikuta mchanganyiko, basi kuna mtu aliyekuwa akiandika tarehe kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani, na hapo itabidi ukae na daftari la fundi mkononi, kwa sababu hakuna fomula inayoweza kukumbuka nia ya mwandishi.

Dawa yenyewe ni fupi. Geuza kila tarehe iwe maandishi ya mtindo wa mwaka, mwezi, siku, kama 2024-04-03, kwa fomula =TEXT(A2,"yyyy-mm-dd"). Huo ni mtindo wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na hauna njia mbili za kusomwa. Chagua mtindo huohuo katika mipangilio ya kipokezi. Ukishahifadhi CSV, usiifungue tena kwa kubofya mara mbili ili uhakikishe kama iko sawa, kwa maana Excel itazitafsiri tarehe upya na ukihifadhi tena utakuwa umerudi ulikotoka. Ikague kwa Notepad.

Mhandisi_wa_Kiwandani alijibu:

Mwenzangu ameeleza la tarehe vizuri, lakini mimi naona kuna kosa lililotangulia hilo, ambalo litakusumbua hata tarehe zikiwa safi. Umehamisha kalenda badala ya kuhamisha mpango.

Kwa mfano, tarehe za grisi za Januari, Aprili, Julai na Oktoba hazikuwa kazi nne. Ilikuwa kanuni moja inayosema kwamba pampu hii hutiwa grisi kila baada ya miezi 3, na jedwali la miezi 12 lilikuwa namna ya kuionyesha kanuni hiyo kwenye karatasi ya ukutani. Ukiipa programu mistari minne, itaiona kama mipango minne, na kama kila mmoja unajirudia, mwakani utakuwa na vurugu isiyo na mwenyewe. Programu ya namna hii inataka ujue mambo machache tu kwa kila mpango: ni mtambo gani, ni kazi gani, inajirudia baada ya muda gani, ilifanyika mara ya mwisho lini, na nani anahusika. Tarehe zinazofuata itazikokotoa yenyewe. Nakisia kwamba mistari yako 640 itashuka sana ukiiandika hivyo, na ni afadhali mistari michache uliyoipitia kwa macho yako.

Safuwima ya kufanyiwa kazi zaidi ni hiyo ya mara ya mwisho, ambayo kwenye majedwali mengi haipo kabisa. Ukiiacha wazi, programu nyingi huanza kuhesabu kutoka siku ya kupandisha, na matokeo yake ni kwamba mitambo yote huangukia siku moja kila robo mwaka. Kama kumbukumbu hazipo, gawanya tarehe za kuanzia kwa makusudi, kituo hiki wiki hii na kile wiki ijayo, kulingana na idadi ya mafundi ulionao. Amua pia kama muda utahesabiwa kutoka tarehe iliyopangwa au kutoka siku kazi ilipokamilika. Kwa grisi mimi huchagua siku ya kukamilika, kwa sababu pampu iliyotiwa grisi kwa kuchelewa wiki tatu haina haja ya kutiwa tena mapema, na grisi ikizidi huchemsha beringi. Kwa ukaguzi unaotakiwa kisheria au kwa mkataba, huchagua tarehe iliyopangwa.

Kuhusu jenereta, usizibadilishe ziwe za tarehe kwa kukisia. Ziandikie kipimo cha saa kwanza, na usomaji wa sasa wa mita, ndipo ulete mpango. Tuseme oili na filta hubadilishwa kila saa 250 na mara ya mwisho ilikuwa saa 3,480. Kazi inayofuata ni saa 3,730. Jenereta inayofanya kazi saa 6 kwa siku itafika huko kwa takribani siku 42, lakini ile ya akiba inayowashwa saa 1 kwa wiki haitafika kwa zaidi ya miaka minne, na oili haiwezi kungoja hivyo. Kwa hiyo weka masharti mawili, saa 250 au miezi 12, na kinachotangulia ndicho kifuatwe, baada ya kuhakiki namba hizo kwenye kitabu cha mtengenezaji. Na angalia huduma zinazomezana: kama una mipango mitatu, ya saa 250, 500 na 1,000, na ya 1,000 tayari ina kazi zote za zile ndogo, ukiiingiza kila mmoja peke yake mita itakapofika 1,000 utapata kadi tatu kwa jenereta moja, na stoo itatoa filta tatu. Mifumo mikubwa kama SAP na Maximo ina njia ya kuzipanga huduma hizi kwa ngazi. Katika programu ndogo huenda ukalazimika kuandika mpango mmoja wenye orodha za kazi zinazopokezana.

FundiPampu alijibu:

Nawashukuru sana, wakuu. Faili la asili ni zima. Visanduku vyote vimejibu kuwa ni namba. Kompyuta niliyoitumia kutengeneza CSV ndiyo iliyokuwa na mpangilio wa Marekani, maana ni mpya na hakuna aliyeigusa tangu ilipotoka kwenye boksi. Nimeanza kuandika upya kwa kanuni badala ya kalenda, na mipango ya pampu peke yake imetoka mistari 212 hadi 58.

Tatizo lililobaki ni ile mipango 255 iliyokwisha kuingia pamoja na kadi zake. Mafundi wawili, kwa bidii yao, walikwishafanya kazi kadhaa na kuzifunga. Je, nifute vyote?

Msimamizi_Mifumo alijibu:

Usifute kadi ambazo zimefanyiwa kazi, ndugu yangu, kwa kuwa hizo sasa ni historia halisi ya mtambo, na tarehe zake za kufungwa ndizo utakazozitumia kama mara ya mwisho. Zilizobaki zifunge kwa kuzibatilisha, ukiandika sababu, kisha uzime mipango yenyewe. Kabla ya yote zima barua pepe za tahadhari, na uziwashe siku utakayoridhika.

Katika jedwali jipya ongeza safuwima ya kitambulisho cha mpango, usichoweza kukirudia popote, mfano K04-PMP1-GRS-M3. Ukipandisha mara ya pili bila kitambulisho, programu haina namna ya kujua kwamba unasahihisha, na itakuongezea nakala. Programu ya Odoo hutumia kitambulisho cha nje kwa kazi hiyohiyo, na ile ya ERPNext hukutaka uchague waziwazi kama unaingiza rekodi mpya au unarekebisha zilizopo. Namba za mitambo ziwe maandishi tangu mwanzo, vinginevyo 007 itakuwa 7 na mtambo hautapatikana. Namba ya kiwandani kama 12E5 Excel huigeuza kuwa 1,200,000 bila kukuuliza. Ikiwa programu inakataa jina ambalo kwa macho ni sahihi, tafuta nafasi tupu mwishoni mwake. Fomula ya TRIM huondoa nafasi za kawaida, lakini haiondoi ile iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti, ambayo ni herufi namba 160, hivyo ibadilishe kwanza kwa fomula ya SUBSTITUTE.

Anza na mitambo mitano tu, ikiwemo jenereta moja na pampu moja yenye mipango miwili, uziache zikae wiki moja. Baada ya kupandisha yote, hesabu mistari iliyotoka na iliyoingia kwa kila kituo, si jumla peke yake. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iliacha nje visa 15,841 vya korona kwa sababu faili la mtindo wa zamani wa Excel lilijaa, maana mwisho wake ni mistari 65,536, na ziada ikaachwa kimya.

Ukikwama kwenye jenereta, tuwekee hapa mistari mitatu ya mfano, majina ya vituo ukiwa umeyafuta.