Kuanika singa na kupakia marobota: nani aliyepima uzito wa kazi?

Karani wa mishahara, Muheza

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Mimi ni karani katika shamba moja la mkonge, na kila mwisho wa mwezi orodha ya malipo hupitia mikononi mwangu. Wanaopakia marobota kwenye malori, ambao wote ni wanaume, hulipwa kwa siku zaidi ya kina mama wanaoanika singa, yaani nyuzi za mkonge. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba kupakia ni kazi nzito.

Basi asubuhi moja nilikwenda kutazama uanikaji. Singa hutoka kwenye korona, mashine ya kuchambua majani ya mkonge, ikiwa mbichi, inachuruzika maji yanayowasha ngozi, na kina mama huibeba mabegani hadi kwenye nyaya, wakaitandaza fungu kwa fungu, tangu saa moja asubuhi mpaka jua la utosi. Mama mmoja alinionyesha mikono yake: ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa imechubuka na kuwa nyeupe, kama ya mtu aliyeshinda akifua. Lori, kwa upande wake, haliji kila saa, na wapakiaji hulisubiri kivulini.

Jambo la pili linanihusu mwenyewe. Karani mwenzangu wa kiume tuliajiriwa wiki moja, kwa cheti cha ngazi moja, lakini yeye hupewa posho ya nyumba nami sipewi, kwa maelezo kwamba nina mume wa kunilipia kodi. Nikilizungumza ofisini naambiwa nimeleta mambo ya Beijing, yaani ya ule mkutano wa dunia kuhusu wanawake. Naomba mnijibu kwa hoja: je, tofauti hizi zina uhalali wowote?

Baba wa watano, Chumbageni

Dada yangu, nitasema ninaloliamini. Kwetu huku mwanamume ndiye anayedaiwa masurufu, kodi na karo, na mke akichuma, pato lake ni lake, mume hana ruhusa ya kulishika. Mwajiri anayemfikiria mwenye kaya hakusudii kumdhulumu mwanamke. Vilevile mwajiri hupiga hesabu zake: sheria inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, ilhali baba hupewa siku 3. Na kuhusu wapakiaji, mimi nimebeba mizigo bandarini, nao mgongo ukishaharibika haurudi. Naomba jambo hilo lisichukuliwe kama dogo.

Mstaafu wa mkonge, Korogwe

Ndugu yangu wa Chumbageni, umesema kwa adabu, nami nitakujibu vivyo hivyo. Hoja ya mwenye kaya ingekuwa na nguvu kama mashamba yangewahi kuifuata. Marehemu baba yangu aliletwa Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba kutoka mbali, akitimiza kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ndipo alipwe, na ujira wake ulikadiriwa kwa tumbo la mtu mmoja, kwa sababu wakubwa wa wakati ule walijua kwamba mama yetu aliyebaki kijijini analima na kutulisha. Baba alilipwa kidogo kwa kuwa mkewe alifanya kazi bila ujira. Leo mwanamke analipwa kidogo kwa kuwa mumewe ana ujira. Kaya hutajwa pale inapompunguzia mwajiri gharama. Nimefanya kazi kwenye korona mpaka nimestaafu, na sikuwahi kumwona mjane mwenye watoto sita akiongezewa hata senti kwa sababu yeye ndiye mwenye kaya.

Mwanasheria, Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Ulilolieleza ndilo lililo nyuma ya sheria tuliyonayo.

Karani, nianze na posho yako kwa kuwa ndiyo iliyo wazi. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu, bila ubaguzi, haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa jinsia, na pia wa hali ya ndoa, kwa hiyo kauli ya kwamba una mume inamfunga mwajiri mwenyewe. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo humhamia yeye. Omba sababu hiyo kwa maandishi, na usikawie, kwani malalamiko ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60.

Suala la singa ni gumu zaidi. Sheria, sawa na Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, hutaka malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, hata zikiwa si kazi ile ile. Thamani hiyo hupimwa kwa ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira ya kazi, lakini mashambani wengi hupima kwa kilo peke yake. Singa iliyoanikwa vibaya hubadilika rangi na kushuka gredi, na bei ya robota hushuka nayo. Mwanikaji basi amebeba wajibu ambao haumo katika orodha yako. Mgongo wa mpakiaji nao uhesabiwe, sikatai, ila uhesabiwe pamoja na ile mikono.

Na hayo ya Beijing yasikutishe. Katibu Mkuu wa mkutano ule wa mwaka 1995 alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella.

Karani wa mishahara, Muheza

Nawashukuru wote, pamoja na Baba wa watano, maana la mgongo nilikuwa sijalifikiria. Barua ya posho nimeiandika usiku huu na nakala nimeiweka nyumbani. Kesho nitakwenda kwenye nyaya na daftari, nihesabu safari za kina mama, kisha nikae na wapakiaji nihesabu marobota.