Tupeane uzoefu: mwalimu wa maabara aliyekulea kama mwanae

Mwanamaabara: Wakuu, leo nahamisha vitu nimekuta daftari langu la maabara, pembeni kuna kalamu nyekundu ya profesa wetu, "rudia, ila kwanza kalale". Nimekaa chini nikalia. Siku ile nilikuwa na slaidi za malaria (vioo vya matone ya damu) za wiki tatu, nikachovya zote kwenye methanoli, ile spiriti ya kukaza chembe, kabla ya rangi ya Giemsa, wakati tone jembamba ndo linachovywa, tone nene huligusi, maana chembe nyekundu zinatakiwa zipasuke ili vimelea vionekane. Nikaharibu kazi ya watu. Damu za wagonjwa zile, hairudishwi. Nikamfuata nikiwa nimeshaandaa barua ya kuacha masomo. Akaisoma, akaikunja akaiweka mfukoni, akavuta kiti tukaanza kuangalia moja moja kama kuna ya kuokoa, mpaka saa kumi na moja jioni akasimama, "nimeahidi kumchukua binti yangu, kesho saa mbili." Hakunifokea hata siku moja. Ametutoka mwaka sasa. Nanyi semeni wa kwenu. Na nishaurini, daftari niwape watoto wake au nibaki nalo?

Pipeti: Umenikumbusha mbali mkuu. Apumzike kwa amani.

Binti wa Kemia: Wape wanae. Ni mwandiko wa baba yao.

Hasi80: Usiwape, hilo ni la kwako. Mi ngoja niwape ya kwangu. Umeme ulikatika usiku jenereta ikagoma, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri imejaa sampuli za kijiji kizima, za miaka. Nikampigia mama (mwalimu wetu wa maabara, sote tulimwita mama) akasema usifungue mlango, isipofunguliwa inashika ubaridi masaa kadhaa, nakuja. Kaja na mumewe, watoto wawili na majirani wamebeba maboksi ya barafu kavu, sijui aliitoa wapi saa nane usiku ile! Kwanza akafungua madirisha yote, watoto akawazuia nje kwenye korido, maana ile ikiyeyuka inatoa kaboni dioksaidi na chumba kikifungwa inaua. Tukahamisha mpaka alfajiri. Halafu Jumapili akarudi kule kijijini akawaeleza wenye damu zao kilichotokea, mmoja mmoja, wakati hakuna hata sampuli moja iliyoharibika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni zao.

Pipeti: Daah.

Mdau kimya: Nina swali, watoto usiku wa manane maabara ndo malezi gani? Tunawasifia hawa watu ila nyumbani kwao wanaumia.

Hasi80: Walikuwa koridoni ndugu, soma vizuri. Angewaacha na nani?

Mtoto wa mwalimu: Mi nimezaliwa kwenye nyumba ya hivyo acheni niseme. Kuna miaka nilichukia wanafunzi wa baba, walikuwa wanajaa sebuleni na karatasi zao. Lakini homuweki yangu hakuwahi kuikosa, na mimi ndo nilimshikia tochi akimtengenezea jirani pampu. Kuumia kulikuwepo na raha ilikuwepo. Mwanamaabara wape.

Mdau kimya: Sawa dada, samahani.

Kipimajoto: Mimi kila nikisikia mambo haya namkumbuka Denis Osborne, mwalimu wa fizikia chuo kikuu Dar, na Erasto Mpemba. Mpemba, dogo wa sekondari, 1963 anasema mchanganyiko wa aisikrimu wa moto umeganda kabla ya wa baridi, anachekwa, Osborne akaenda kupima, 1969 wakachapisha majina yote mawili.

Pipeti: Hiyo athari ina ubishi mkuu, kuna waliopima 2016 hawakuiona.

Kipimajoto: Sijasema imethibitika. Nasema alimsikiliza mtoto.

Binti wa Kemia: Wenye walimu walio hai waandikieni leo.

Hasi80: Msiandike, barua pepe wanazo mamia. Pigeni simu.

Mwanamaabara: Nimempigia binti yake. Amesema nibaki na daftari, nimtumie picha ya ile kalamu nyekundu, kisha akauliza kama kuna mahali baba alikosea hesabu. Nikamwambia ukurasa wa 31, alijumlisha vibaya akajisahihisha na kuandika "pole". Kacheka mpaka sauti ikakatika, tukabaki kimya wote wawili kwenye simu.