Maneno 12 ya pochi ya bitikoini: niyaweke wapi?

Wakuu, mdogo wangu yuko Muscat, hunitumia bitikoini, ile pesa ya mtandaoni. Pochi ya simuni, yaani programu ninayoitunzia, ilinipa maneno 12 ya siri ya kuifungulia, nikayapiga picha. Jana kuna mtu kanitumia ujumbe, anajiita "huduma kwa wateja", anayataka. Nimpe?

Jibu: Usimpe kabisa! Maneno hayo ndiyo pesa yenyewe: mwenye nayo anachukua salio lote, na hakuna benki ya kukurudishia. Mimi nilimpa mtu kama huyo, nikabaki naangalia salio likisoma sifuri. Futa picha, fungua pochi mpya, hamishia salio huko. Maneno mapya yaandike kwa kalamu.

Jibu: Na anwani ya pochi, ile namba ya kupokelea bitikoini, usiibandike hadharani. Daftari la bitikoini, linaloandika kila malipo, liko wazi kwa wote tangu 2009. Mtu akijua anwani ni yako, ataona kila ulichopokea.

Muulizaji: Nimehamisha. Karatasi iko sandukuni kwa mama, chini ya kanga. Asanteni sana.