Seva ikiishiwa RAM, nani aondoke kwanza? Tulinganishe mipangilio ya Linux

fundi_wa_ziwa
Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya kukodi yenye RAM 2 GB, Ubuntu 22.04, haina swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Inabeba tovuti ya PHP ya chama cha kuweka na kukopa, pamoja na databesi ya MySQL. PHP nimeiruhusu watoto 30 (nakala zake zinazohudumia wageni). Siku za kawaida haina neno. Ikifika tarehe za mishahara, wanachama wakiingia kwa pamoja kuangalia salio, databesi inakatika, inainuka yenyewe, inakatika tena. Nikapiga `journalctl -k`, nikakuta hii:

`Out of memory: Killed process 1423 (mysqld)`

Nimeona njia kama nne: kuweka swapu, kubadili `vm.overcommit_memory` (jinsi mfumo unavyoahidi memori), kuilinda MySQL kwa `oom_score_adj` (alama ya nani auawe kwanza), au kufunga earlyoom (programu inayoua mapema kabla RAM haijaisha kabisa). Mmoja anasema hii, mwingine anaiponda. RAM ya kuongeza haipo, mhasibu kasema tusubiri bajeti mpya.

mama_seva
Kaka, keneli (kiini cha Linux) haina ugomvi na MySQL yako. RAM ikiisha kabisa inapiga alama kila prosesi (programu inayoendeshwa) kulingana na memori inayokalia, mwenye alama nyingi anaondoka. Sasa hesabu: MySQL iko peke yake na 500 MB, PHP ina watoto 30, kila mmoja 50 au 60 MB. Waliomaliza chakula ni watoto, ila ukiwapima mmoja mmoja hakuna anayemfikia MySQL. Wamekula wengi, kalipa mmoja.

Alama unaiona mwenyewe: `cat /proc/$(pidof mysqld)/oom_score`

Kwa hiyo mimi ningeanza na `oom_score_adj`. Inakwenda kutoka -1000 hadi 1000, na kila 10 ni sawa na asilimia 1 ya memori yote ya mashine, swapu ikiwemo. Ukiweka -300 kwenye 2 GB, umeisamehe MySQL kama 600 MB, inatosha kuishusha chini ya watoto wa PHP. Usiandike kwa mkono kwenye /proc, itapotea huduma ikiwashwa upya. Piga `systemctl edit mysql` uweke:

```
[Service]
OOMScoreAdjust=-300
```

Na tafadhali, usiweke -1000 kama wanavyoshauri huko mitaani. Hiyo maana yake haiguswi kamwe. Siku MySQL yenyewe ikianza kuvimba, keneli itafyeka kila kingine na tatizo litabaki limekaa palepale.

baharia_msimbo
Dada hapo juu anachagua wa kuuawa. Mimi nauliza, kwa nini tufike kwenye kuua? Kwa kawaida `vm.overcommit_memory` iko 0, na hapo keneli ni kama makanga wa matatu: ingia, ingia, nafasi ipo! Inatoa ahadi kuliko viti ilivyonavyo, kwa sababu programu nyingi huomba memori nyingi na kutumia kidogo. Ukiweka 2, inaacha uongo. Programu ikiomba kupita kiwango inakataliwa hapohapo, nayo inapata nafasi ya kutoa kosa la kueleweka badala ya kukatwa kichwa. Nyaraka za databesi ya PostgreSQL zenyewe zinapendekeza hivyo, na kwa seva ya databesi pekee sitaki kusikia kingine.

Ila wewe fundi, soma hapa kabla hujakimbilia. Kiwango cha 2 ni swapu yote pamoja na asilimia ya RAM iliyo kwenye `vm.overcommit_ratio`, ambayo kwa kuanzia ni 50. Huna swapu, kwa hiyo utapewa GB 1 tu, nusu ya mashine uliyolipia. Tazama `Committed_AS` (iliyokwisha ahidiwa) na `CommitLimit` (kiwango) ndani ya `/proc/meminfo` kwanza. Kama ya kwanza tayari imeipita ya pili, ukibadili tu utaanza kukataliwa hata kufungua amri ndogo.

bi_foleni
Baharia, hilo la 2 limeniumiza, acha nikusimulie. Kazini tulikuwa na mashine moja yenye PostgreSQL na Redis (hazina ya data inayokaa kwenye RAM). Mimi mwenyewe nikaweka 2 baada ya kusoma nyaraka za PostgreSQL. Usiku Redis ikataka kuhifadhi data kwenye diski. Inajigawa mara mbili ili mtoto aandike huku mama akiendelea na kazi, na keneli ikahesabu kama imeombwa memori yote upya. Ikakataa. Redis ikishindwa kuhifadhi, kwa mpangilio wake wa kawaida inagoma kupokea maandishi mapya. Asubuhi foleni ya oda imesimama kimya, na RAM tele ipo!

Nyaraka za Redis zinataka 1, yaani keneli ikubali kila ombi. Kila mmoja ana hoja kwa mtoto wake. Sisi tulizitenganisha mashine.

kijana_wa_laptopu
Mimi si mtu wa seva, nina laptopu ya 4 GB tu. Shida yangu ni kwamba keneli inachelewa mno: kipanya kinaganda, taa ya diski inawaka dakika kumi, unaishia kubonyeza kitufe cha umeme. earlyoom iliniokoa. RAM iliyobaki na swapu zote zikishuka chini ya asilimia 10 inaiomba prosesi kubwa ifunge kwa heshima, zikifika 5 inaua. Unaweza kuipa `--avoid` na `--prefer` ijue nani wa kuachwa.

systemd-oomd iliyokuja na Ubuntu 22.04 ya mezani niliizima. Yenyewe inapima msongo, muda ambao prosesi zinasubiri memori, na wazo si baya. Lakini inaua kikundi kizima cha prosesi, si moja. Brauza yangu iliondoka na vichupo vyote nikiwa naandika ripoti, bila hata kwaheri.

mama_seva
Kijana, kwa seva ya fundi earlyoom haitadhuru, ila bila `--avoid` itamrukia mysqld vilevile, mapema zaidi tu.

mzee_wa_logi
Watoto 30 kwenye 2 GB? Nani alikuambia? Chukua MB 2048, ondoa 500 za MySQL, ondoa 300 za mfumo, gawa kwa 60. Unapata 20. Weka `pm.max_children = 15` (kikomo cha watoto wa PHP) ulale. Na swapu ya GB 1, si ya kuishi humo, ni ya kuvuta pumzi.

fundi_wa_ziwa
Nashukuru sana, wakuu. Shikamoo mzee. Nimeweka OOMScoreAdjust=-300 na swapu ya GB 1. max_children nimeishusha hadi 25 kwanza, naogopa wanachama kusubiri.

fundi_wa_ziwa *(siku kumi baadaye)*
Jana ilikuwa mishahara. MySQL haikuguswa! Lakini tovuti nzima ilizima saa tatu asubuhi, na ikabaki imezima mpaka nilipoingia kwa mkono. Logi:

`php8.1-fpm.service: Failed with result 'oom-kill'.`

Aliyeuawa ni mtoto mmoja tu. Mbona huduma nzima ilisimama?

mama_seva
Aa, hilo nililisahau, samahani. systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ikiona prosesi yoyote ya huduma imeuawa kwa kukosa memori, kwa kawaida inaisimamisha huduma yote. `systemctl edit php8.1-fpm`, chini ya [Service] weka `OOMPolicy=continue`, kisha uiwashe upya. PHP itazaa mtoto mwingine yenyewe.

mzee_wa_logi
Marahaba. Na ile 25?

fundi_wa_ziwa
Nimeweka 15, mzee.